Kuku Chini ya Kitanda

Jumatatu moja mwezi uliopita nilikuwa kwenye benchi la kliniki moja hapa Mbale, nikingoja zamu. Kando yangu askari wa magereza alikuwa amempakata bintiye, kifua kinamlia kama filimbi. Muuguzi alimvutisha dawa ya pumu hadi pumzi ikatulia, kisha akaanza maswali.

"Afande, mnapika na makaa ndani?"

"Hapana, sista. Mama yake anapika nje."

"Kuna mnyama anaishi ndani ya nyumba?"

"Hakuna. Paka hakuna, mbwa hakuna."

Mtoto akavuta sare ya baba yake. "Baba, na kuku?"

"Kuku si mnyama," afande akasema. "Kuku ni chakula."

"Wanalala chini ya kitanda yangu," mtoto akamweleza muuguzi.

Benchi zima tukacheka. Afande akajitetea kwamba kule kwenye kota zao, kuku akilala nje anaamkia sokoni. Muuguzi akamwambia vumbi la manyoya na kinyesi linaweza kumbana mtoto kifua, halafu akatugeukia sisi.

"Nani hapa kuku zake zinalala nje?"

Kicheko kikakatika. Hakuna mkono ulioinuka.

Juzi nilipita kwenye kota hizo. Nje ya mlango wa afande kuna banda jipya la mbao, lina kufuli kubwa kama la gereza. Binti alikuwa akiruka kamba.

"Siku hizi analala?" nikauliza.

"Huyu analala vizuri sana," afande akajibu huku akipiga miayo, akicheka. "Mimi ndiye silali. Kuku mmoja akijikuna tu, niko mlangoni na rungu."