Nilivyowekwa Rehani kwa Shamba la Mahindi

Wakati wa mkoloni, Garissa haikuwa mji wa kuingia na kutoka upendavyo. Nchi yote ile ya kaskazini ilikuwa imefungwa: kuingia kwa kibali, kutoka kwa kibali, na kibali chenyewe kiko mkononi mwa mtu ambaye hana haraka na wewe. Mimi mtu wa pwani, niliyezoea kunywa kahawa barazani na kurudi kwa mama kula, nikapelekwa huko kuwa bwana shamba. Nilidhani ni msimu mmoja. Lo! Msimu ukaisha, ukaja mwingine, nami nipo tu. Kwetu nilikuwa nimeshaposa, na wazee wa mchumba walikwisha kuanza kuuliza kama bwana harusi yu hai au wamwozeshe mwingine. Kila nilipoomba uhamisho niliambiwa ningoje. Nikangoja, nikanuna, nikawa mkali kama pilipili.

Watu wakisikia bwana shamba hudhani ni kugawa mbegu. Kazi yangu hasa ilikuwa kutembea na wakulima wa ukingo wa Tana, kutoka mjini kuelekea Balambala, tukikagua kila shamba na kujiuliza: hapa kitu gani kitatuharibia? Mto unakula ukingo wapi? Ng'ombe wanapita wapi? Maji yakijaa yatatuama wapi, yaozeshe mizizi? Kisha tunatafuta dawa: hapa tusikate miti, pale tupande matete yashike udongo, kule tusilime kabisa. Mto ule una visa vyake. Mvua hunyesha bara, milimani huko, sisi tuko juani hatujaona hata wingu, mara maji yanapanda.

Mjane mmoja alikuwa na shamba kwenye kona ya mto. Alilima peke yake, na wajukuu wake mayatima walikula alichovuna, basi. Siku ya kwanza alinitazama viatu vyangu, akaniuliza, "Bwana shamba, shamba lako mwenyewe liko wapi?" Nikamwambia sina. "Ala! Bwana shamba hana shamba!" Akacheka mpaka akashika kiuno. Nilikasirika. Lakini tulipofika ukingoni kicheko kilimwisha, nami hasira ikanitoka. Palikuwa na ufa mrefu katikati ya mahindi, sambamba na mto, mguu wangu mzima unaingia. Chini yake maji yalikuwa yamekula udongo kwa ndani, ule wa juu umebaki ukining'inia.

"Mama, hapa pataondoka mto ukijaa," nikamwambia.

"Najua," akasema. "Niende wapi?"

Nyuma ya shamba lake ilikuwa malka, ile njia pana ya mifugo kwenda kunywa maji. Mbele mto, nyuma ng'ombe, kushoto na kulia mashamba ya wenzake waliojibana vile vile. Wafugaji nao hawakuwa wabaya. Mifugo isipofika mtoni inakufa, na wenyewe wanafuata. Nililizunguka lile shamba nikitafuta pa kumsogeza, nikaona limeziba kila upande, na nikaona hata mimi mwenyewe ndivyo nilivyo. Nilirudi kwangu nikashindwa kula.

Tukamwendea mzee wa wafugaji, ambaye neno lake ndilo lililosikilizwa kuhusu njia ile. Tulimkuta mtoni akinywesha. Alinipokea kwa salamu ndefu, akaniita "adeer", yaani ami, maana wazee wa Kisomali humrudishia kijana jina lile lile analowaita wao. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni: herufi p akiitamka b, v akiitamka f, nami siku zote nilimwelewa vizuri, au nilidhani. Nikampeleka akauone ufa. Nikamwomba ampe mama yule upande mmoja wa njia apande huko, nasi tujenge boma la miiba, ng'ombe na mahindi wasigombane. Akatafakari sana. Vijana wake walinuna waziwazi, kwa kuwa njia ikiwa nyembamba mifugo itasongamana.

"Mimi hafahamu ofisi," akasema mwisho. "Mimi nafahamu wewe. Ng'ombe nakula mahindi, nani takata maneno? Wewe. Sasa sema mbele ya watu: wewe takaa haba?"

Kukaa haba! Kidogo tu! Moyo wangu ulichanua. Nikaona mzee huyu ana huruma, amejua kwamba mgeni ana kwao. "Wallahi nitakaa haba," nikasema kwa sauti, kila mtu asikie. Akanishika mkono, tukasoma Fatiha, na mjane akaitikia amina huku machozi yakimtoka.

Tukasogeza shamba, tukapanda, tukajenga boma mpaka mikono ikavimba kwa miiba. Mto ukajaa kweli, na asubuhi moja ile kona yenye ufa ikaporomoka majini kwa kishindo. Mahindi mapya yalikuwa yameshaota upande wa juu, hata jani moja halikulowa. Mjane hakunicheka tena, ila viatu vyangu aliendelea kuvisema.

Mahindi yalipoanza kutoa ndevu, uhamisho ukatoka. Dereva wa lori ndiye aliyeniletea habari kutoka mjini: nipande siku ile ile, na kama sitaki, nafasi ya uhamisho atapewa bwana shamba mwenzangu. Nilicheka peke yangu nikikunja godoro. Mara mzee akatokea, fimbo begani, uso umekunjamana.

"Adeer, nafunga nini?"

"Nakwenda kwetu, adeer. Nimekaa haba, kama tulivyosema."

"Haba!" Akakita fimbo mchangani, katikati ya miguu yangu na yake. "Haba! Si Bwani. Haba!"

Roho ilinitoka. Hapa. Alikuwa ameniuliza kama nitakaa hapa, nami nikala yamini mbele ya watu. Nikamwambia atakuja bwana shamba mwingine, mzuri kuliko mimi. Akatikisa kichwa. Vijana wake walimsema kila siku kwamba ameitoa njia yao bure, naye aliwajibu kila siku kwamba yupo mtu aliyeapa. "Wewe nakwenda, njia narudi," akasema. "Mimi tawaambia nini?" Hakuwa akinitisha. Alishikwa pabaya kama mimi. Nikamlaani moyoni, nikailaani herufi p, nikamlaani na aliyenileta kule.

Nikaenda kwa mjane nikitumaini atanilaumu, nipate sababu ya kukasirika na kuondoka. Hakunilaumu. Alisikiliza, akauliza tu kama lori limeshafika. Nikasema limefika.

"Basi nenda salama, mwanangu. Mchumba asingoje."

Akaingia ndani, akatoka na panga, akaenda moja kwa moja kwenye mahindi, akaanza kukata. Mabichi! Punje hazijashika!

"Mama, unafanya nini?"

"Ng'ombe watayakanyaga jioni. Afadhali mbuzi wangu wale mabua." Hakulia, hakupandisha sauti. Alikata kama mtu anayefagia uwanja wake.

Dereva akapiga honi. Sikuamua kwa wema, nisijisifu. Ilikuwa hasira tupu, kumwona mtu anajikatia chakula chake kwa sababu mimi napanda lori. Nilikimbia nikamwambia dereva aende zake. Akaniuliza kama nina wazimu, bahati kama hii hairudi. "Nenda!" nikamfokea. "Mpe huyo mwenzangu!" Akaondoa lori, vumbi likatanda.

Nikarudi, nikamshika mjane mkono wenye panga. "Acha, mama. Siondoki."

Aliyatazama mabua yaliyolala chini, mistari miwili mizima, kisha akanitazama mimi.

"Ungesema mapema!" akafoka. "Yote haya nimekata bure!"

Akainama kuyakusanya. Nami nikakaa chini pale pale, mtu mzima na ndevu zangu, nikalia kwa kwikwi, nikimwona yule mwanamke wa kwetu akiolewa na mwingine, na mjane akinisukuma mguu ili apate bua nililolikalia.