Gari Halina Mkwe

Juzi sokoni Tukuyu gari jipya la mzee mmoja, alilotumiwa na mwanawe, lilimgomea. Alishuka, akafunga milango kwa rimoti, likapiga honi. Akafungua, akafunga tena, honi.

"Magari yenu haya!" akafoka, akitazama kila upande isipokuwa kiti cha nyuma.

Huko alikuwa amepanda mke wa mwanawe na mtoto wake mdogo, na kwetu Unyakyusa baba mkwe na mkwe hawatazamani wala hawasemezani. Binti huyo alishashuka kimyakimya kununua maharage, akiamini babu anabaki na mtoto. Babu naye aliamini mtoto kaondoka na mama yake.

Mara binti, alipomwona mzee nje akifunga milango, akaja mbio, akasimama mbali, kanga usoni, akanigeukia mimi niliyekuwa karibu na gari. "Dada, mwambie baba kwamba mtoto kalala nyuma!"

Mzee alikuwa keshasikia, ila niliyarudia maneno kwa adabu, ndipo akafungua mlango. Mjukuu alikuwa amelala fofofo chini ya kitenge, mzima! Soko zima likapiga vigelegele.

Muuza vipuri akatueleza kwamba darini mwa gari mna kamera inayomwaga mwanga usioonekana, unaowaka na kuzimika upesi mno, kisha inapima unavyorudi. Hivyo hupata umbo la kila kilichomo, hata kitenge kinachopanda na kushuka kwa pumzi, ndiyo maana gari lilipiga honi lilipofungwa na mtoto ndani.

Mzee akapapasa boneti. "Ndaga fijo," akaliambia gari, yaani asante sana.

Wanaosema mitambo itaua mila waje Tukuyu. Sisi tutaendelea kutotazamana kwa heshima zetu. Gari halina mkwe, acha litazame.