Alichokiachia Leonida

Leonida alikuwa amezoea kuitwa Nesi. Katika zahanati ile, mwendo wa saa nzima kwa pikipiki kutoka Natta, mtu mmoja tu alikuwa akimwita kwa jina lake: Nice, mhudumu wa afya aliyefanya naye kazi miaka mitatu. Nice alipanga chumba kijijini. Jioni akitoka kazini ilimbidi apite kando ya mashamba ya mtama, ambako tembo hutokea wakitoka hifadhini, na mwaka ule aliponusurika mara mbili aliandika barua ya kuomba uhamisho. Alipelekwa Mugumu, makao makuu ya wilaya. Aliondoka Jumanne, godoro lake limekunjwa na kufungwa nyuma ya pikipiki, na Leonida akarudi ndani kumalizia foleni ya watoto wa chanjo.

Nyumba ya watumishi ilikusudiwa kukaliwa na familia mbili. Upande mmoja ulikuwa na bati, na huko ndiko alikoishi. Upande wa pili kuta zilikuwa zimesimama hadi usawa wa linta, juu ya madirisha, na ndani mlikuwa mmeota majani ya kumfika kiunoni. Tabibu aliyemkuta pale alikuwa ameshahamishwa, na hakuna aliyeletwa badala yake. Kwa hiyo Leonida, muuguzi mkunga mwenye miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Muleba, ndiye aliyekuwa mfawidhi, yaani msimamizi wa kituo, na pia mkunga, mtoa dawa na mtunza funguo. Kinata, lugha ya pale, alijua salamu tu. Akina mama waliokuja kliniki walimjibu kwa Kiswahili alichowauliza, kisha wakarudi kwenye benchi, kwenye lugha yao na kicheko chao.

Mfawidhi ndiye anayekwenda kutetea bajeti ya kituo chake. Mara ya kwanza alikwenda Mugumu na karatasi iliyopigwa chapa, yenye mahitaji kumi na manne. Aliyasoma yote, kuanzia tenki la maji hadi mapazia. Mwenyekiti wa kikao, mtu mpole, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza kipi kati ya vitu hivyo kingeweza kusubiri.

"Vyote ni muhimu," alisema Leonida.

Mwenyekiti hakumtania wala hakumkaripia. Aliandika kitu kwenye daftari lake na kuita kituo kinachofuata. Majibu yalipotoka, zahanati ya Leonida ilikuwa imepewa mapazia, viti viwili na fedha kidogo za usafi. Siku ile ya kikao, saa ya chakula, wafawidhi wenzake walikaa makundi makundi wakipigiana hadithi za vyuo walivyosoma. Yeye alichukua sahani yake akala amesimama karibu na dirisha, akijifanya anasoma ujumbe kwenye simu.

Mwezi wa nne uliofuata alijifungua pale mwanamke anayeitwa Mokami, uzazi wake wa kwanza. Ndugu zake walikuja na ndoo mbili za maji, kama kila familia ilivyotakiwa kuja nayo. Uchungu ulikuwa mrefu na maji yakaisha kabla ya mtoto kutoka. Mama mkwe akakimbilia kisimani, kilomita nzima kwenda na nyingine kurudi, na Leonida akamalizia kazi kwa chupa ya maji yake ya kunywa. Mtoto alilia vizuri. Siku ya tano Mokami alirudishwa akiwa na homa kali, akapelekwa hospitali, na akakaa huko wiki tatu. Alipona. Alipokuja kumpimisha mtoto uzito alisema asante nyingi, na kila asante ilimchoma Leonida.

Hakuwa na mtu wa kumweleza. Alimpigia Nice, lakini Nice alikuwa kazini na aliahidi atampigia.

Wiki chache baadaye alikwenda Mugumu kuchukua sare mpya kwa fundi Arafa, mwanamke wa makamo ambaye kibanda chake kilijaa sweta za shule. Mvua ilimzuia pale. Akiwa amekaa akaingia mwalimu mkuu mmoja, akataka sare sabini lakini bei ipungue. Leonida alitegemea fundi ama akatae ama akubali. Arafa hakufanya hata kimoja. Alilitandaza shati mezani.

"Bei haishuki peke yake, mwalimu. Ikishuka, kuna kitu kwenye shati kinashuka nayo. Tutoe mfuko, au tutumie kitambaa chepesi? Chagua wewe."

Mwalimu aliligeuzageuza shati. Mwishowe akatoa mfuko, akaacha kitambaa kizito, na bei ikapungua kidogo. Alipoondoka Leonida aliuliza kama fundi hakuogopa kumpoteza mteja. Arafa alisema aliogopa sana zamani, ndipo alipokuwa akipunguza tu hadi anashona kwa hasara. Siku hizi kabla mteja hajaja anakuwa amekwisha kuamua nini anaweza kuachia na nini haachii hata iweje.

"Mtu akijua cha kuachia, dada yangu, haombi tena. Anapatana."

Leonida alirudi na maneno hayo, na kwa kuwa jioni zake zilikuwa ndefu, akaanza kazi. Alifungua daftari jipya. Kila mzazi aliyefika aliandika alikuja na ndoo ngapi, zilitosha au hazikutosha, na nani alikwenda kuongeza. Kisha akachukua kitabu cha kliniki na kile cha wodi, akavilinganisha jina kwa jina. Wanawake sitini na mmoja walikuwa wamehudhuria kliniki kwake kwa mwaka, lakini hawakujifungulia kwake. Aliwauliza walipoleta watoto chanjo. Wengi walisema jambo lile lile: kwako hakuna maji.

Mwezi wa kumi na moja, kabla ya vikao, alifanya kitu ambacho hakuwahi kukifikiria. Alikwenda ofisini kwa mhasibu wa idara, kijana aitwaye Ombeni, akamuuliza ukomo wa bajeti wa kituo chake ni kiasi gani, na fedha za maji hutoka kwenye kifungu kipi. Ombeni alimtazama kwa mshangao kidogo. Alisema wafawidhi huja kulalamika baada ya kikao. Kuja kuuliza kabla, hajaona. Akamwonyesha. Ukomo ulikuwa milioni kumi. Tenki la lita elfu tano, mnara wake, mifereji ya bati na pampu ya jua vilihitaji milioni sita na laki nne. Kumalizia upande wa pili wa nyumba kulihitaji milioni tisa.

Leonida alikaa na namba hizo siku kadhaa. Nyumba ikikamilika angeletwa muuguzi wa pili. Mtu wa kupokezana naye zamu. Mtu wa kula naye. Alizipeleka kwenye kamati ya kituo, akitumaini wangemwamulia. Mwenyekiti wa kamati, mzee Heche, mfugaji aliyehamia pale kutoka Tarime, alimrudishia karatasi yenye namba.

"Nyumba ni ya kwako, Nesi," alisema. "Tenki ni letu. Sisi tukikuchagulia, tutakuwa tunajichagulia wenyewe."

Kikaoni alikwenda na ukurasa mmoja wenye mambo mawili. Alieleza ndoo, alieleza sitini na mmoja, na akaeleza kwamba kila mzazi anayepita kwenda kwingine anapunguza pia mapato ya kituo. Mwenyekiti wa kikao alisema hoja ni nzuri lakini vituo ni vingi. Angeweza kumpa milioni nne. Zamani Leonida angeshukuru. Sasa alinyamaza. Aliitazama karatasi yake, na ukimya ule ukawa mrefu mpaka mtu mmoja akakohoa.

"Kwa milioni nne nitapata tenki lisilo na pampu," alisema hatimaye. "Litakaa tupu. Nipeni sita na laki nne, na nyumba naiondoa kwenye maombi ya mwaka huu."

Mwenyekiti akamuuliza kama ana hakika, maana yeye ndiye anayeishi pale.

"Nina hakika. Ila naomba fedha zitoke robo ya kwanza ya mwaka wa fedha, na iandikwe kwenye muhtasari kwamba nyumba imeahirishwa, haijafutwa."

Walikubali la kwanza na la pili. Kuhusu kuipa nyumba kipaumbele mwaka unaofuata, hawakuahidi.

Tenki lilisimama mwezi wa kumi. Watu wa kijiji walikuja kuona maji yakitoka bombani ndani ya chumba cha kujifungulia, na mzee Heche alinawa mikono mara mbili bila sababu. Wazazi wakaongezeka hadi Leonida akawa analala vipande vipande. Mwezi uliofuata aliletwa muuguzi mpya, msichana kutoka Singida. Aliuona upande wa pili wa nyumba, akauliza atakaa wapi, akalala kwa Leonida siku nne, na siku ya tano akarudi wilayani kuomba kituo kingine. Leonida hakumlaumu. Kwa siku nne nyumba ilikuwa na sauti, na alipoondoka kijiko kikianguka jikoni kilisikika nyumba nzima.

Mwaka uliofuata alitetea nyumba na ikapita, milioni tisa kamili. Mpaka sasa, mwezi wa tano, fedha hazijaingia.

Habari zake zimeenea. Wafawidhi wa vituo vingine, waliokuwa hawamjui hata kwa sura, humpigia simu Jumapili mchana. Huuliza ukomo unaulizwa kwa nani, namba gani ianze, mtu anyamaze wakati gani. Leonida hukaa kwenye ngazi ya mlango na kuwaeleza kwa utaratibu. Juzi alipomaliza kumweleza mmoja alitaka kumuuliza naye anaishi na nani huko aliko, lakini mwenzake alikuwa ameshashukuru na kukata.