Nyama Iliyoletwa Baba Alipopotea

Juzi nilipita penye mchoma nguruwe huku Kamalondo, harufu ikanirudisha kwenye mchana ule wa utotoni. Siku kadhaa baba hakuwa amerudi kutoka kazini. Majirani walinong'ona kuwa batumbula, wale wateka watu, wamemgeuza nguruwe ili Wazungu wamle. Ndipo shangazi akatuletea nyama ya nguruwe. Mafuta yalipoanza kulia chunguni, nilimshika mama mkono, nikidhani baba ndiye aliyemo.

«Mama, tusimukule papa!»

«Wacha bujinga, mutoto we! Hii iko nyama ya ku soko.»

Shangazi alicheka mpaka akakohoa. Mama naye alicheka, akanipakulia. Leo najua batumbula walikuwa hofu tu, ingawa baba hakurudi kamwe. Najuta neno lile, kwa sababu siku ile mama alikula bukari, yaani ugali, na chumvi tu; nyama hakuigusa.