Daftari la Uso wa Mke Wangu

Jicho la kushoto limekwisha. La kulia limebaki na tundu, kama lile la kuchungulia kwenye geti kabla hujamfungulia mgeni. Kupitia tundu hilo ndiyo naandika haya, kwa kalamu nene, herufi kubwa kama za bango la duka. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo mwenye kutafuta lugha nzuri akatafute kwingine. Nyumba ninayokaa huku juu Nkoaranga nilijenga mwenyewe, geti lake nilichora mwenyewe, na mpaka leo watu hupunguza mwendo wakifika mbele yake.

Nilikuwa fundi wa mageti. Karakana yangu ilikuwa Kijenge, Arusha mjini. Kazi ya geti inaanza na chaki. Mteja anasema nataka maua, nataka simba wawili wanatazamana, na mimi napiga magoti, nachora sakafuni kwa ukubwa wake kamili, kisha tunapinda chuma kufuata chaki. Hakuna aliyenifundisha. Kulikuwa na ua moja, majani mawili na shina limejikunja, ambalo kila tajiri wa Arusha alilitaka. Nililichora mpaka siku moja umeme ukakatika nikiwa katikati, nikalimalizia gizani. Mafundi wangu walipowasha tochi walikuta limekaa sawasawa. Mkono ulikuwa umelishika, jicho halihitajiki tena. Mlikumbuke ua hilo, maana ndilo lililokuja kunipa tumaini la bure.

Kuchora kwenye daftari kulianza baadaye, nilipopata nafasi ya kukaa nyumbani baadhi ya siku. Nilikuwa nachora kwa kupenda tu. Nilichora migomba, nilichora ng'ombe bandani, lakini niliyetaka kumchora ni mke wangu.

Sasa, mke wangu hakai. Huku kwetu mwanamke akionekana amekaa mchana mikono mitupu, basi ama mgonjwa ama mvivu, na yeye hajawahi kuwa hata kimoja.

"Mama watoto, kaa hapo kidogo nikuchore."

"Nikae? Na jua lote hili? Mtu akipita njiani aseme nini?"

"Aseme unachorwa."

"Atasema mke wa fundi amechoka kulima. Chora ng'ombe, yeye hana kazi."

Nikamchora hivyo hivyo akienda zake. Anapalilia kahawa, namchora kutoka nyuma. Amebeba majani ya ng'ombe, namchora kutoka nyuma. Jioni alifunua daftari akatazama ukurasa mmoja mmoja, akasema, "Mgongo, mgongo, mgongo. Nikifa waambie wanilaze kifudifudi kwenye jeneza, ndiyo watu wanitambue."

Daftari lile la kwanza lilikuwa kaunta buku, la mistari, kama la muuza duka. Sikujua kwamba kuna daftari lingine. Mistari ilimpita mke wangu mgongoni kuanzia kichwani mpaka visigino. Nililipeleka karakana kwa majivuno, na fundi wangu mmoja akalishika, akaligeuza huku na huku.

"Mzee, huyu mama umemfunga kwa kosa gani?"

"Nani amefungwa?"

"Si hizi nondo hapa? Tena umezipanga vizuri, hata kichwa hakipiti."

Walicheka mpaka mteja akauliza kuna nini. Nikalirudisha nyumbani, likatumika kuandikia hesabu ya maziwa.

La pili nilitengeneza mwenyewe. Nilikuwa najenga jiko, mifuko ya saruji imelala uani, nikaona karatasi ya ndani ya mfuko ni safi, rangi ya kaki, haina mstari hata mmoja. Nikaikung'uta, nikaikata kwa kisu, nikatoboa kwa msumari, nikafunga kwa waya wa kufungia nondo. Penseli nikaacha, nikachukua mkaa jikoni. Waliosoma uchoraji wakitaka kucheka wacheke, lakini sijapata karatasi iliyonifaa kama ile. Mkaa uliingia ndani yake ukatulia. Rangi ya kaki ilifanana na ngozi ya shingo ya mke wangu chini ya kilemba, sikuhitaji kuipaka kitu. Mzigo wa majani ulionekana mzito kweli, mtu angeweza kuuhurumia.

Tabu yake ilikuwa vumbi. Hata ukung'ute vipi saruji haiishi, na mimi nilikuwa nachora karatasi ikiwa karibu na pua. Kwa hiyo nilipoanza kuona ukungu pembeni mwa jicho, nikalaumu saruji. Nikaacha yale makaratasi, nikashuka mjini kwenye duka la steshenari, nikanunua daftari la kuchorea, jeupe, la kiwandani. Hilo ndilo la tatu.

Daftari hilo tulichukiana tangu mwanzo. Karatasi yake ilikuwa laini kama sahani, penseli inateleza, mkaa unadondoka chini. Na weupe wake ulinichoma. Lakini kilichoniudhi zaidi ni kwamba picha hazikuenea. Mke wangu ndiye aliyeona kwanza.

"Baba, mzigo wangu umeuacha nusu. Upande huu hauna kitu."

Nikaangalia. Kweli, kila ukurasa upande wa kushoto ulikuwa mtupu, na mzigo umekatika kama umeliwa na mbuzi. Nikasema karatasi ni fupi. Nikalirudisha dukani.

"Karatasi zenu ni fupi upande wa kushoto," nikamwambia muuzaji.

"Shikamoo mzee. Fupi vipi? Karatasi haina upande."

"Hii inao."

"Basi pima mzee wangu, si unayo futi hapo kiunoni?"

Nikatoa futi yangu ya kazini, nikapima mbele ya watu. Zilikuwa sawa pande zote. Nikamwambia hata hivyo zina mwanga mbaya, nikaondoka. Jicho halikuwa linauma. Kama lingeuma ningejua.

Tena nilidhani najua. Kila anayechomelea chuma amewahi kupigwa na mwanga wa mashine. Usiku macho yanawaka kama yamejaa mchanga, na dawa yake kila fundi anaijua: unakata kiazi kibichi vipande vyembamba, unalala navyo juu ya macho, asubuhi umepona. Nimewatibu mafundi wangu wote hivyo na wote walipona. Nikaanza kulala na viazi. Leo viazi, kesho viazi, na ukungu uko palepale.

"Wenzako wanakula viazi kwa mdomo," mke wangu alisema, anamenya kile kidogo nilichombakizia.

Wakati huo ndipo likaja daftari la nne. Binti yetu anafanya kazi kule Makumira, chuoni. Alikuja Jumapili baada ya ibada, akaliweka mezani limefungwa kwenye karatasi ya zawadi. Jalada jeusi gumu, ndani karatasi nene, ukipitisha kidole unasikia inakwaruza kidogo, kama ukuta uliopigwa lipu lakini haujapakwa rangi. Nilijua palepale kwamba mkaa utakaa humo.

"Baba, hili si la mgongo wa mama," alisema. "Humu umchore uso."

"Atakaa?"

"Nitakaa siku ukijua kuchora," mke wangu akajibu toka jikoni.

Nikaona ana haki. Daftari kama lile huwezi kujifunzia. Nikasema acha mkono ukomae kwanza, kisha nitaufungua ukurasa wa kwanza na kumchora uso mara moja, vizuri. Nikaliweka kwenye kabati la vioo, kati ya chupa ya chai ya wageni na vikombe vyenye ukingo wa dhahabu ambavyo hutoka mchungaji akija. Mke wangu akalifunika kwa kitambaa alichofuma mwenyewe.

Kila binti akija anauliza.

"Shikamoo baba. Umeanza?"

"Marahaba. Bado."

"Baba, lile ni daftari. Si kikombe cha mchungaji."

"Litaanza likianza."

Likakaa humo. Mimi nikaendelea na lile jeupe, migongo isiyo na upande wa kushoto, na viazi.

Siku niliyogonga nguzo ya geti langu mwenyewe ndiyo binti hakuuliza tena, alinishika mkono akanipeleka hospitali. Nguzo ile niliisimamisha mimi. Nimepita hapo tangu iliposimama. Iko upande wa kushoto.

Daktari alikuwa msichana mdogo, mwenye adabu. Alinipulizia hewa machoni, akaniwekea mashine, akanifanya nibonyeze kitufe kila nikiona nukta ya mwanga. Nilikaa muda mrefu bila kubonyeza, nikadhani mashine imeharibika.

"Babu, mbona umechelewa hivi?"

"Halikuuma."

"Hii huwa haiumi. Ni presha ya macho. Inakula kuanzia pembeni, kidogo kidogo, mtu hajui."

"Ni ule mwanga wa kuchomelea?"

"Hapana babu. Kwenu kuna aliyepofuka?"

Baba yangu alikufa haoni. Tulisema ni uzee.

"Sasa hicho kilichokwenda kinarudije?"

Akamtazama binti yangu kwanza, halafu mimi. "Hakirudi, babu. Nakupa matone ya kulinda kilichobaki. Tutalinda tutakavyoweza."

Mtu akikwambia chuma kimeliwa na kutu hakichomeleki, humuulizi mara mbili.

Nikiwa njiani kurudi ndipo lile ua liliponijia. Nikajiambia: mkono wangu ulilishika ua mpaka gizani. Nikimchora mke wangu uso mara nyingi za kutosha wakati tundu hili bado liko wazi, mkono utaushika. Likifunga, nitakuwa nao. Nitakaa na mkaa wangu na karatasi, na nitamchora nitakapotaka, kama lile ua. Hicho tu ndicho nilichotaka. Sikuomba macho.

Nilimwambia. Nilitegemea anijibu kwa kejeli zake. Badala yake alimwaga maji ya kuoshea vyombo, akanawa miguu, akaingia ndani akatoka amevaa gauni la kanisani. Akatoa daftari kabatini, akakunja kitambaa, akaliweka magotini kwangu. Kisha akakaa kwenye kiti barazani, mchana mweupe, mikono mitupu, uso kwangu.

Jirani akapita na jembe begani.

"Mama! Kulikoni? Unaumwa?"

"Siumwi. Nakaa."

"Unakaa?"

"Nakaa. Pita nenda zako."

Nikafungua ukurasa wa kwanza. Karatasi ile, nasema ukweli, ni bora kuliko zote, inaishinda hata ya saruji. Mkaa ulishika kwa kuguswa tu. Lakini tundu langu ni dogo. Nikiangalia jicho lake sioni mdomo. Nikiangalia mdomo jicho limepotea. Naona kona ya pua, naishika kichwani, nashuka kwenye karatasi, na kwenye karatasi yenyewe sijui nilikuwa nimefika wapi. Nikaweka kidole cha mkono wa kushoto kwenye karatasi kiwe alama, kama fundi anayeshikilia chuma kisisogee. Nikapata jicho. Nikapata jicho la pili, likakaa karibu na sikio. Nikageuza ukurasa.

Alikaa mchana ule, na uliofuata, na mingine. Ng'ombe walilia njaa, akawa anawakatia majani alfajiri ili mchana akae. Nilitumia kurasa, zile nilizoziogopa, nikazitumia kama makaratasi ya kufungia nyama. Kila ukurasa ni vipande: pua hapa, kidevu kule, kama sakafu ya karakana kabla hatujaanza kuunga. Mimi kuunga ndiyo kazi yangu, na hapa sikuweza. Unaunga kitu unachokiona kizima. Uso wa mke wangu mzima nimeuona miaka yote ya maisha yangu nao, mezani, kanisani, kitandani, na sikuuchora. Nilikuwa nautunzia daftari.

Wakati mwingine, akiwa ameinuka kunywa maji, nafumba macho kuupima mkono. Nauacha wenyewe uende. Unaenda vizuri, bila kusita, na nikifumbua kuchungulia nakuta kilemba, shingo, mabega, mzigo wa majani na visigino.

Jana ilibaki karatasi ya mwisho. Nilichora polepole, na kidole changu, mpaka jua likahama barazani. Nilipomaliza sikutaka kuchungulia. Nikamnyooshea daftari.

"Inafanana?"

Mnapaswa kujua kwamba mke wangu hajawahi kunisifu. Nilipomaliza nyumba alisema mlango wa jiko unaelekea kwenye upepo, na ni kweli, moshi unarudi ndani. Nilipofunga lile geti ambalo watu husimama kulitazama, alisema nimesahau kwamba mvua ya huku inakula chuma. Picha zangu zote amezitolea kasoro, na kila aliposema alikuwa sahihi, na ndivyo nilivyojua anatazama.

Alilichukua daftari. Nilisikia kiti kinalia.

"Inafanana," akasema. "Umenipata kabisa, baba."

Nilisubiri aongeze kitu. Aseme pua imekwenda upande, aseme sikio moja nimelisahau, aseme lolote. Akafunga jalada, akaenda kulirudisha kati ya vikombe, nikasikia kioo cha kabati kinasukumwa. Kisha akavua gauni la kanisani, akachukua mundu na kamba, akashuka shambani. Nikamfuata kwa lile tundu langu, mgongo tu, mpaka migomba ilipomfunika.