Mkono Mkavu wa Riyadh

Mwanangu, asubuhi ninayoikumbuka kuliko zote, nilikuwa nimeshajiambia kwamba duniani hakuna tena la kunishangaza. Linishangaze nini? Shule niliiachia darasa la nne, Changamwe, na bado pale Riyadh matajiri walinigombania. Mafundi wenzangu walitembea na testa ya kupimia umeme. Mimi nilipima kwa mgongo wa mkono: naugusa waya, ukiniuma kidogo najua moto upo. Nacheka, naendelea.

Kisha kafili, tajiri aliyenidhamini kule, akanihamishia Jeddah, nirekebishe soketi za maabara ya shule moja. Mwalimu wa fizikia pale alikuwa mzee wa Kiingereza. Ujanani alikuwa mtafiti mkubwa kwao. Akaja Taita kumtembelea rafiki, akaombwa ashike darasa kidogo, na kwenye utafiti hakurudi tena. Kiswahili alikipata huko. Nilimuuliza kwa nini aliacha ulaji wa namna ile. Akasema kwao alifukuza jibu moja hadi akasahau kufurahi, lakini watoto wa Taita walimwamsha kwa maswali. Nikamwona mzee wa watu amepotea. Mungu anisamehe.

Basi asubuhi hiyo mlinzi wa shule, Msudani mpole, akashusha swichi kubwa. "Halas, fundi, mafi kahraba," akaniambia, yaani tayari, umeme hakuna. Nikaunyooshea waya mkono, jasho la Jeddah likinichuruzika hadi vidoleni.

"Ngoja, fundi," Mwalimu akasema. "Unapima na nini?"

"Na huu. Riyadh haukuniangusha."

"Riyadh hewa kavu, na ngozi yako ilikuwa kavu. Hapa umelowa. Waya ni uleule, mkono si ule." Akanipa testa yake. "Haya, nioneshe kwamba mimi ndiye mjinga."

Nikaigusisha kwenye waya huku natabasamu. Kitaa chake kikawaka. Kumbe soketi ile ilivuta umeme kwa njia nyingine, isiyopita kwenye swichi ile kubwa.

Nilikaa chini pale pale sakafuni, nahema, nacheka, namshukuru Mungu. Mwalimu hakunisimanga. Aliniletea maji tu.

Wanaosema ajali haina kinga, mwanangu, hawajakaa sakafu ile. Kilichokuokoa jana, kiulize kilikuokoaje. Pengine haukuwa ujuzi wako, ilikuwa hali ya hewa. Ukihama mji, anza upya kupima. Mola akukaushie mikono, akulainishie masikio, akurudishe nyumbani mzima kama alivyonirudisha mimi.

Jioni ile nilishuka soko la Balad kununua testa yangu. Muuzaji alitaka riali kumi na tano. Mimi huyo, uhai wangu nikaupata kwa kumi na mbili.