Kiti cha Rwamba kule kwa Ngari

Gladys Rwamba, jirani yangu hapa mtaa wa Majimbo, ana kichwa kigumu, na nasema hivyo kwa mapenzi. Mapafu yake yaliharibiwa na moshi wa kuni alizopikia miaka mingi kule juu kwenye chai, ndiyo maana akahamia Embu mjini. Hata ngazi za benki humshinda. Lakini Sheila, bintiye aliye Uingereza, alipojifungua msichana wa pili, hakukuwa tena na wa kumtuliza. Kwetu msichana wa kwanza huitwa jina la mama wa mume. Wa pili huchukua jina la mama wa mke. Mtoto akaitwa Rwamba.

“Siwezi kusikia nimezaliwa mahali halafu nisiende kujiona,” aliniambia.

Daktari Gachoki hakumruhusu hivi hivi.

“Huko nje ya ndege hewa ni nyepesi sana, Mama Sheila. Injini zinaisukuma ndani, na vali ya nyuma inaitoa pole pole, ndio presha isiende ovyo. Lakini hawaijazi ikuwe kama ya hapa Embu, bodi ya ndege itaumia. Ukiwa ndani ni kama umekaa mlimani.”

“Mlima gani?”

“Kama pale chai inaisha, msitu unaanza. Pengine juu kidogo.”

“Hapo ni kwa Ngari,” akasema Gladys. Ngari ni kaka yake.

Daktari alicheka. Gladys hakucheka; alitaka kwenda kukaa huko ajijaribu. Alitoka pale na kifaa kidogo cha kubana kidole, kinachoonyesha oksijeni kwenye damu, pamoja na onyo: kikisoma chini ya tisini, ateremke mara moja. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumsindikiza.

Kwa Ngari aliomba kiti, akakiweka mbele ya kiduka cha kaka yake, akaketi wima kama abiria. Ukungu ulikuja, ukaondoka. Aliitwa ndani kwa chai, akakataa.

“Kwa ndege nitaenda jikoni?” aliuliza.

Juu ya kichwa chake zilining'inia pakiti za krisipu za viazi, zote zimevimba.

“Ngari, hizi zimeoza?” Gladys akauliza.

“Hapana bwana. Zinafungwa huko chini. Zikifika hapa, hewa ya nje haizibani vile, zinafura. Wateja walinirudishia mpaka nikachoka kueleza.”

Mchana kifaa kilisoma themanini na sita. Gladys alikitazama, akakipangusa kwa kitenge, akakibana kwenye kidole kingine. Themanini na sita. Machozi yalimtoka, na mimi nilikasirika kwa niaba yake, sijui hata nilimkasirikia nani. Tukateremka.

Daktari alisema kumbe njia ipo: asafiri na mashine ya oksijeni, mrija puani safari nzima. Hapo ndipo Gladys aligoma. Mama mkwe wake alikufa na mrija kama huo.

“Watu watadhani napelekwa kuzikwa.”

Alinuna siku kadhaa. Kisha Jumapili moja nikamwona akiingia kanisani na mrija puani, mashine begani, kichwa juu. Watu waligeuka. Aliwakodolea macho mpaka wakarudi kwenye vitabu vyao vya nyimbo. Baada ya hapo akaenda nao sokoni, akaenda nao benki, na ngazi akazipanda. Alikuwa anajizoeza kuonwa.

Alisafiri. Aliponipigia simu alinieleza kwamba ndege ilipopanda masikio yaliziba, kifua kikambana, na aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Alitaka kuwapigia kelele wamshushe. Ndipo mhudumu akampa pakiti ya karanga. Ilikuwa imevimba.

“Nikajua niko wapi,” akasema. “Niko kwa Ngari. Nikakaa.”

Nyuma ya sauti yake nilisikia kilio cha mtoto mchanga, karibu kabisa na simu.

“Nani huyo analia?”

“Ni mimi,” akasema Gladys.